TAIRI YA PIKIPIKI: NANI AMEILA, NA NANI AILIPE?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi, Nakuru. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile.)



Nimepewa nafasi niseme juu ya gharama ya kubadilisha tairi za pikipiki. Najua wako watakaouliza, jambo hili lahusu nini chama cha wafanyi kazi wa reli? Magurudumu yetu ni ya chuma, hayajazwi upepo. Nitawajibu upesi. Tokeni nje ya ukumbi huu mzihesabu pikipiki zilizosimama pale mlangoni. Mtu wa zamu ya saa kumi alfajiri hapati matatu, kwa hivyo amejinunulia pikipiki. Mwingine amechukua mkopo katika chama cha akiba, akanunua pikipiki, akampa kijana aendeshe boda boda ili apate cha kuongezea mshahara. Mwingine ana mtoto wake aliyemaliza shule asipate kazi, na sasa yuko stendi akibeba abiria wa Bahati na Njoro. Tangu mwaka 2008, Serikali ilipoondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki ndogo, chombo hiki kimeingia katika nyumba za wafanyi kazi kuliko chombo kingine chochote. Na kila pikipiki ina tairi mbili, na kila tairi ina siku yake ya kwisha.

Neno langu ni moja, nalo ni hili. Tairi kwisha si ajali wala si mkosi. Ni gharama ya kazi, kama petroli. Tofauti ni kwamba petroli huilipa asubuhi kabla hujaondoka, lakini tairi huila kwanza kidogo kidogo, halafu siku moja unadaiwa deni lote pamoja. Mtu asiyeandika deni hilo hudhani amepata faida, kumbe anakula tairi yake. Basi tutazame kwanza ni kiasi gani tunachokula kila siku, halafu tuulize ni nani anayepasa kulipa.

HESABU YA SIKU MOJA

Nitatumia bei za mfano tu. Ninyi mkifika nyumbani wekeni bei ya duka lenu, lakini njia ya hesabu ni ile ile.

Tuseme tairi ya nyuma ni shilingi 3,600 na tyubu yake shilingi 500. Jumla 4,100. Pikipiki ya boda boda hufanya kazi siku 26 kwa mwezi, na tuseme tairi hiyo inadumu miezi 6. Hizo ni siku 156. Gawanya 4,100 kwa 156, utapata kama shilingi 26 na senti kidogo kwa siku.

Tairi ya mbele, tuseme ni shilingi 2,800 na tyubu 500, jumla 3,300. Hii haisukumi pikipiki, na uzito wa abiria na gunia hauilemei sana, kwa hivyo hudumu zaidi. Tuseme mwaka mzima, siku 312. Gawanya, utapata kama shilingi 10 na nusu kwa siku.

Ziunganishe: karibu shilingi 37 kila siku. Tufanye 40, ili zinazobaki ziwe za viraka. Shilingi 40 kwa siku ni shilingi 12,480 kwa mwaka. Katika mwaka huo utanunua tairi mbili za nyuma na moja ya mbele, pamoja na tyubu zake, yaani shilingi 11,500. Zitabaki 980.

Sasa tazameni. Shilingi 40 haimshindi mtu. Ni nauli ya abiria mmoja wa safari fupi, pengine haifiki. Lakini shilingi 4,100 kwa siku moja humshinda mtu, hasa tarehe 20 ya mwezi wakati mshahara umekwisha. Hapo ndipo mtu hukimbilia mkopo wa simu. Haba na haba hujaza kibaba, na methali hii ni ya kibaba cha tairi vile vile. Weka shilingi 40 katika kopo au katika simu, mahali pasipochanganyika na pesa za unga, na uandike katika daftari. Siku tairi itakapokwisha, pesa zake ziko zinaingoja.

RAHISI NA GHALI

Wengi hununua tairi kwa kutazama bei peke yake. Tuseme iko tairi ya shilingi 2,400 badala ya 3,600. Mtu hufurahi kwamba ameokoa 1,200. Lakini kama tairi hiyo hudumu miezi 3 tu, kwa mwaka atanunua 4, naye atatoa shilingi 9,600. Yule wa 3,600 atanunua 2 tu, naye atatoa 7,200. Basi aliyeokoa 1,200 dukani amepoteza 2,400 barabarani, na zaidi ya hayo amemlipa fundi mara nne kufungua gurudumu. Bei ya tairi si ile iliyoandikwa dukani. Bei yake ya kweli ni ile unayoipata ukigawanya kwa siku ilizofanya kazi. Ndiyo maana nasema daftari ni muhimu: andika tarehe uliyoifunga na tarehe uliyoitoa, na baada ya mwaka mmoja utajua mwenyewe tairi iliyo rahisi na iliyo ghali, wala hutahitaji kuambiwa na mwenye duka.

Ukifika dukani, tazama mambo mawili. La kwanza ni ukubwa. Ubavuni mwa tairi mna maandishi kama 2.75-17 au 3.00-17. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, na ya pili ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Usikubali kuuziwa ya 18 kwa rimu ya 17, wala upana usiolingana na pikipiki yako, ati kwa sababu ndiyo iliyobaki dukani. La pili ni umri. Tafuta tarakimu nne pamoja karibu na herufi DOT. Zikiwa 1423, maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2023. Mpira hukauka na kupasuka nyufa hata ukikaa rafuni bila kuguswa. Tairi iliyokaa miaka mingi dukani huitwa mpya, lakini nguvu yake imepungua.

KUNGOJA KUNA GHARAMA

Wako wanaosema, tairi yangu bado inakwenda, nitangoja mwisho wa mwezi. Tuhesabu pia kungoja. Tairi ikiwa kipara, mpira uliobaki ni mwembamba. Msumari mdogo ambao zamani ungeishia katika jino la tairi, sasa unafika kwenye tyubu. Tuseme umepata pancha tano kwa mwezi mmoja. Viraka vitano kwa shilingi 100 ni 500. Tyubu nayo imejaa viraka haizibiki tena, unanunua nyingine, 500. Kila pancha imekupotezea kazi ya kama shilingi 150, na hiyo ni 750. Jumla ni shilingi 1,750, na bado hujanunua tairi! Karibu nusu ya tairi mpya umeitupa njiani kwa kungoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena si pesa peke yake. Mifereji iliyo kati ya meno ya tairi haikuwekwa kwa mapambo. Mvua ikinyesha, mifereji hiyo ndiyo hupitisha maji ili mpira ushike lami, na kwenye matope meno ndiyo hushika udongo. Tairi kipara haishiki. Ukifunga breki ghafula kwenye lami yenye maji, pikipiki inaendelea mbele kama sabuni. Na wako wanaochukua kisu wakachonga meno mapya juu ya tairi iliyokwisha. Ndugu zangu, huko si kutengeneza tairi, ni kuondoa ule mpira mdogo uliobaki juu ya nyuzi. Mtu ameketi juu ya hatari na amemketisha abiria nyuma yake, na abiria huyo pengine ni mama mwenye mtoto mgongoni.

Mambo ya kuifanya tairi idumu ni machache na hayana gharama. Pima upepo kila wiki, asubuhi tairi ikiwa baridi. Upepo ukiwa mdogo, ubavu wa tairi hujikunja kila mzunguko, hupata moto na nyuzi zake hukatika. Ukiwa mwingi mno, tairi huliwa katikati peke yake. Kiasi cha upepo kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki, na cha tairi ya nyuma huongezwa ukibeba abiria. Ukikaza cheni, hakikisha alama za pande zote mbili karibu na ekseli ya nyuma zinalingana, kwa maana zisipolingana gurudumu hukaa upande na tairi huliwa upande mmoja. Usifunge breki mpaka gurudumu lisimame huku pikipiki inateleza. Na sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Anayebeba watatu amevunja sheria, tena ameongeza mzigo unaokula tairi yake.

KWA NINI BEI HUPANDA

Wengine huona mwenye duka ni mwizi tu. Pengine wako walio hivyo, lakini sababu kubwa iko mbali na duka. Mpira wa asili ni utomvu wa mti, nao hutoka zaidi Thailand na Indonesia. Huchanganywa na mpira wa viwandani na masizi meusi, na hivyo hutokana na mafuta ya petroli. Hapa kwetu, kiwanda cha matairi cha Nairobi, kilichoanza kwa jina la Firestone na baadaye kikawa cha Sameer Africa, kilifungwa mwaka 2016. Kwa hivyo tairi nyingi tunazofunga hutoka ng'ambo, na hununuliwa kwa dola. Mwaka 2019 dola moja ilikuwa kama shilingi 103. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ilifika karibu shilingi 160, kabla ya kushuka tena. Tairi ilikuwa ile ile na barabara ile ile, lakini shilingi yetu ilikuwa imepungua nguvu. Mfanyi kazi hawezi kuizuia dola. Lakini anaweza kuweka hesabu yake ya kila siku, na kuipandisha kwa shilingi tano mapema aonapo bei inapanda, badala ya kushtuliwa dukani.

NANI AILIPE?

Sasa nafika penye neno gumu, naomba mnivumilie.

Sisi watu wa reli twajua jinsi gurudumu linavyotunzwa. Gurudumu la behewa haliachwi mpaka lipasuke njiani. Hupimwa kwa geji, na likifika kiasi chake hupelekwa karakana likachongwe upya kwa mashine, na likiwa jembamba mno huondolewa kabisa. Injini za moshi za zamani, kama zile zilizo katika Makumbusho ya Reli pale Nairobi, magurudumu yake yalivikwa pete nene ya chuma iliyopashwa moto, ikabana ilipopoa. Pete hiyo iliitwa tairi, na jina hilo ni la zamani kuliko tairi ya mpira. Ilipolika ilibadilishwa. Wala sijapata kusikia dereva wa gari la moshi akikatwa mshahara kwa sababu gurudumu limelika. Chombo ni cha mwenye kazi, na kulika kwake ni juu ya mwenye kazi. Tungekataa sote kama angeambiwa alipe.

Vile vile twadai buti, ovaroli na glavu. Tukiambiwa tujinunulie kwa mshahara wetu, twakimbilia chama, na ni haki yetu.

Basi tazameni yule kijana anayeendesha pikipiki ya mmoja wetu. Anamletea mwenye pikipiki, tuseme, shilingi 400 kila siku. Kwa siku 26 ni 10,400 kwa mwezi. Na ameambiwa: petroli juu yako, pancha juu yako, tairi juu yako. Naye ana mke na mtoto. Ukiwadia wakati wa kubadilisha tairi ya 4,100, atatoa wapi? Hatatoa. Ataendesha ikiwa kipara, ataichonga kwa kisu, na siku ya mvua ataanguka pale Kiamunyi, na kijana atalala hospitali na pikipiki italala kwa fundi. Hapo mwenye pikipiki atasema kijana hakuwa mwangalifu.

Ndugu zangu, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu uchungu. Mchana sisi ni wafanyi kazi tunadai haki kwa tajiri, na jioni sisi ndio tajiri, nasi twamtenda kijana yale yale tunayoyakataa. Tairi mpya ikifungwa, inakaa juu ya pikipiki ya nani? Kijana akiondoka kesho, ataivua aende nayo? Hataivua. Itabaki kwako. Basi ni mali yako, na anayepaswa kuinunua ni wewe.

Najua jibu lenu. Mtasema, nikilipa mimi, kijana hatatunza tairi kwa sababu haimgusi mfukoni. Hilo ni neno la kweli na lina dawa. Fanyeni hivi. Katika zile 400 anazoleta, mwenye pikipiki atoe 40 kila siku aziweke kando, na wote wawili waandike katika daftari moja. Tairi na viraka vinunuliwe kwa pesa hizo. Mwisho wa mwaka kinachobaki wagawane nusu kwa nusu. Kijana akiitunza tairi ya nyuma ikadumu miezi 8 badala ya 6, gharama ya mwaka itashuka kutoka 11,500 hadi 9,450. Zitabaki shilingi 3,030, na kila mmoja atapata 1,515 pasipo viraka. Hapo kijana atapima upepo kila wiki bila kuambiwa. Na akiendesha makusudi tairi ikiwa haina upepo akaikata, hiyo ni juu yake, lakini jambo hilo liandikwe mapema ili ugomvi usije baadaye. Pikipiki yangu mimi inaendeshwa kwa mapatano ya namna hii, na sijaona hasara.

Upande wa pili, wako wanachama wanaotumwa na mwenye kazi kwa pikipiki zao wenyewe, nao hurudishiwa petroli tu. Hao nao wanaliwa tairi. Ukichukua mfano wetu wa kwanza, na pikipiki ikienda kilomita 80 kwa siku, tairi na tyubu ni karibu senti 46 kwa kila kilomita. Safari ya kilomita 40 imekula shilingi 18 za tairi, mbali na oili, cheni na breki. Senti 46 si kitu kikubwa, lakini zihesabu kwa mwaka mzima. Wakati wa mazungumzo ya mapatano ya kazi, wajumbe wetu wasiseme "petroli". Waseme "kwa kilomita", na waende na karatasi ya hesabu mkononi. Mwenye kazi huweza kubishana na malalamiko, lakini si rahisi kubishana na hesabu iliyoandikwa vizuri.

NINAYOOMBA MKUTANO UYAFANYE

Kwanza, kila mwanachama mwenye pikipiki aanze daftari la tairi juma hili: tarehe, bei, na shilingi za kila siku.

Pili, kila mwanachama aliyempa kijana pikipiki aandike naye mapatano, na neno la tairi liwemo. Mwandishi wa tawi anaweza kutengeneza karatasi moja ya mfano, ikapigwa chapa kwa ajili ya wote.

Tatu, wenye tairi za ukubwa mmoja wajiandikishe. Mtu mmoja akienda dukani kununua tairi moja, hulipa anachoambiwa. Watu ishirini wakienda kwa mwenye duka la jumla, pesa za tairi ishirini zikiwa mkononi, atawapa viti wakae mwongee bei. Hiyo ndiyo maana ya chama, ikiwa ni mshahara au ikiwa ni mpira.

Nne, wajumbe wa mazungumzo wapewe hesabu ya kilomita kutoka kwa wale wanaotumwa kwa pikipiki zao, kabla ya mkutano ujao na mwenye kazi.

Ndugu Mwenyekiti, tairi itakwisha, tukitaka tusitake. Hatuwezi kuizuia. Lakini tunaweza kuhakikisha kwamba analipa yule anayepaswa kulipa, na kwamba pesa zake zimekwisha kuwekwa kabla ya siku yenyewe kufika. Mambo haya manne nayaweka mbele ya mkutano yajadiliwe na yapigiwe kura.